Thelathini na Saba Nukta Sita

Saa kumi na moja na nusu, Mabela haijapambazuka vizuri.
Kiyoyozi kimekohoa, nawe ukakijibu.
Nimesimama mlangoni, kipimajoto mkononi,
kama karani asiyejua aupige wapi muhuri.

Thelathini na saba nukta sita.

Ingekuwa thelathini na nane, ningekwisharudi kulala:
waraka wa skuli umesema, nani aubishie?
Ingekuwa thelathini na sita, ningekuvuta miguu.
Lakini nukta sita si homa wala si uzima,
ni mtu aliyesimama kizingitini,
hapigi hodi, haagi.

Nikakupima tena, kwapa la kushoto.
Nikakupima kwa shavu langu, chombo cha bibi zangu,
kisichokwisha betri, kisichotaja namba.

Baba yako yuko Marmul, visimani, wiki ya pili ya zamu.
Simu inakatika kama mkate mkavu.
"Amua wewe," kasema,
maneno mawili, mepesi kwa aliye mbali.
Bibi Shinuna katuma sauti, dakika nne kamili:
habasoda, asali, mchue mgongo,
na skuli aende, kwani sisi Wete
hatukwenda na homa, na mvua, na miguu mitupu?
Mwishoni, akidhani ameshazima,
nikamsikia akimwambia mtu jikoni:
"Maskini, mtoto kachoka huyo."
Sikujua kamkusudia yupi kati yetu.

Naikumbuka Jumapili ile ya imla,
tumbo lilivyokukata mpaka basi lilipopita,
kisha ukala mikate mitatu ya jibini na chipsi.
Nikaapa sidanganywi tena.
Naikumbuka na Jumatano iliyofuata,
nilipokusukuma mlangoni, "kamasi tu hizo,"
na saa tatu mwalimu akanipigia
nami niko kaunta, watu kumi na wawili wamepanga foleni.
Nilikukuta kwenye benchi la nesi
umelikumbatia begi kama msafiri aliyeachwa na ndege.

Halafu yuko Ibtihali, mwenzako wa dawati.
Wewe hujui kwa nini hukosekana wiki nzima nzima.
Mama yake aliniambia siku ya kuandikisha, kwa kunong'ona:
selimundu.
Kikohozi chako kwako ni kikohozi.
Kwake ni kitanda, ni mirija,
ni damu ya mtu asiyemjua.

Saa kumi na mbili na dakika tano
nikatoka jikoni, nikakukuta ukingoni mwa kitanda.
Kanzu umevaa. Kifungo umefunga.
Viatu umevaa mwenyewe, na cha kulia kiko kulia.
Hukuuliza kofia iko wapi.
Hukulilia chipsi.
"Niko tayari, mama."

Hapo ndipo nilipojua.

Azzan, wewe uliyezaliwa ukibishana na mkunga,
utiifu huo si wako.

Mzee Humudi akapiga honi, akapiga tena, ndefu, ya subira.
Nikatoka na shela ya kuswalia, nikapunga mkono: leo hatumo.
Akaitikia kwa kichwa, akaondoa basi,
kana kwamba mlango huu haukuwa na kesi tangu alfajiri.

Kazini msimamizi kauliza, "Homa kiasi gani?"
Nikamwambia thelathini na nane.
Mungu anisamehe nukta nne.

Ulilala mpaka saa nne, mdomo wazi, jasho shingoni,
nami nimekaa chini nikihesabu pumzi
na siku za likizo zilizobaki.

Sasa umesimama juu ya sofa.
Supu hutaki. Ina karoti,
na karoti, wasema, hazikutajwa tulipokubaliana.
Nakuuliza, tulikubaliana lini?
Wanijibu kwa hoja tatu, kidole juu.
Kipimajoto nimekirudisha kabatini.
Endelea, mwanangu, nakusikiliza.